Dirisha la Upande wa Msikiti

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kutafuta kimya ndani ya Kibera.

Hakuna aliyeiita hivyo. Tulikuwa vijana wachache wa kujitolea, tukakusanywa kwenye ukumbi wa kanisa Kawangware, viti vimepangwa mbalimbali kama vya mtihani, tukaelezwa kwamba tutasaidia familia ambazo mgonjwa wao amelazwa kwa korona na haruhusiwi kutembelewa. Nesi akipata nafasi atatupigia simu. Sisi tuwe nyumbani kwa familia, tuwaunganishe, wazungumze na mtu wao hata kama yeye hawezi kujibu. Mama aliyetufundisha alisisitiza jambo moja: mahali pawe na utulivu. Mgonjwa aliyechoka, alisema, hachambui sauti. Ukimletea kelele, watu wake watapotea ndani ya kelele hizo. Nililipigia mstari neno utulivu, kisha nikalipigia mstari wa pili kwa sababu wa kwanza ulikuwa umepinda.

Nilikuwa nimesomea saikolojia, sina kazi, naishi na mama yangu karibu na Riruta Satellite. Mama aliuliza kama tutalipwa. Nikamwambia tutapewa nauli.

"Ya kwenda na kurudi?"

"Ndiyo."

"Angalau wamekumbuka ya kurudi," akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Mimi ni mtu wa kufanya mazoezi ya salamu. Kabla sijabisha mlango wa mtu huwa nimeshasema "hodi" kichwani kwa sauti tatu tofauti, nikajibiwa vibaya kwa zote, nikaondoka, nikarudi. Kwa hiyo siku niliyofika kwa familia ile ya Makina nilisimama barazani kwa muda, nikipanga nitaanza na pole au na habari, mpaka mlango ukafunguliwa na msichana wa rika langu aliyekuwa akinitazama kupitia pazia.

"Sasa."

"Poa."

"Wewe ndio yule wa simu?"

"Ndio mimi."

"Tulidhani ni mtu mkubwa."

"Hata mimi," nikasema. Akacheka chini ya barakoa, akanisogezea ndoo ya maji na sabuni.

Huyo alikuwa mjukuu. Mgonjwa alikuwa babu yake, fundi cherehani, Mnubi wa Kibera aliyezaliwa katika nyumba ileile, kama baba yake kabla yake. Bibi yake, ambaye wajukuu walimwita haboba kwa Kinubi, alikuwa ameketi mkekani akisuka tabaga, kile kifuniko cha chakula cha rangi nyingi ambacho Wanubi husuka kwa ukindu. Hakusimama.

"Karibu, binti. Usinipe mkono, najua. Na kiwiko pia sitaki, tumekuwa kama kuku wanaogombana."

Nikaketi mbali kama nilivyofundishwa. Nikaanza kukagua kelele. Jirani wa kushoto alikuwa na redio. Nyuma kulikuwa na watu wanaogonga mabati. Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa dirisha la upande wa kulia. Chini yake kulikuwa na cherehani ya miguu, imefunikwa kwa leso, na nje yake, ng'ambo ya kichochoro, kulikuwa na msikiti wenye spika iliyoelekea pale pale. Msikiti ulikuwa umefungwa kwa swala za pamoja, lakini adhana iliendelea. Nilimuuliza mjukuu saa za adhana, nikampigia nesi, nikamwomba kwa adabu zote asipige saa hizo. Nikaomba dirisha lifungwe wakati wa simu.

"Limefungwa tangu aondoke," haboba akasema, bila kuinua macho.

Simu ya kwanza ilikuja saa nne asubuhi, redio ya jirani ikiwa imezimwa kwa hisani ya mjukuu. Tulimuunganisha pia mtoto mkubwa wa mzee, aliyekuwa Kawangware. Alikuwa amefungiwa chumbani kwake kwa sababu mwenzake wa kazini alipatikana na ugonjwa, akawa haruhusiwi hata kuvuka barabara, sembuse kuja Kibera.

"Nimemwekea sikioni," nesi akasema. Sauti yake ilitoka kwa mbali, na mfuko wa plastiki aliofungia simu ulikuwa ukichakacha. "Haongei, lakini ongeeni. Mie naamini anasikia."

Tukasikia pumzi. Haikuwa pumzi ya mtu peke yake, ilikuwa na mashine ndani yake. Haboba aliinamia simu kana kwamba ni sufuria anayoionja.

"Baba. Umekula?"

Pumzi.

"Paka wako amezaa. Amezaa juu ya kitambaa cha yule mteja wa Soweto East, kile cha kijani. Nimemwambia angoje, watoto hawajafungua macho. Amekasirika. Nikamwambia kasirika, lakini ngoja."

Mjukuu alibana kicheko. Kutoka Kawangware ikaja sauti ya yule mtoto mkubwa, nzito, ya mtu aliyekuwa akijiandaa.

"Mama. Mkumbushe kalima."

"Nyamaza."

"Mama, wakati ndio huu..."

"Nimesema nyamaza! Unamtisha babako."

"Baba, sema nyuma yangu..."

Haboba akabonyeza kitufe chekundu. Nyumba nzima ikatulia, utulivu kamili, ule niliopigia mistari miwili, na wote wakanitazama mimi.

Mjukuu ndiye aliyenieleza, tukiwa barazani. Mtu wao anapokata roho, watu wake humkalia karibu na kumtajia kalima polepole, ile ya kushuhudia kwamba hapana mungu ila Mwenyezi Mungu, ili iwe neno lake la mwisho, au kama ulimi umeshindwa, iwe neno la mwisho kuingia sikioni. Huko ndiko kumlakinia. Hakuna Mnubi wa mtaa ule aliyewahi kufa bila mtu wa kumfanyia hivyo. Babu yake mwenyewe alikuwa ameitwa katika nyumba nyingi kufanya kazi hiyo, akiacha nguo za watu na sindano ndani.

"Sasa yeye ako huko na masista wa kanisa," akasema. "Anko anaogopa ataenda bila."

"Na haboba?"

"Haboba anasema hayo maneno huambiwi na mke wako ukiwa unarudi nyumbani."

Siku hiyo nilirudi Kawangware kwa miguu ili nipate nafasi ya kufikiri, jambo ambalo halijawahi kunisaidia. Nilimpa haki yule mtoto: kama kalima ndiyo mlango, nani atamwacha babake nje? Nilipofika njia ya kuingilia mtaani nikampa haki mama: kama neno moja linamwambia mumeo kwamba umemwachilia, nani atalitamka? Kisha nikajiuliza kama nesi angeweza kulisema yeye, na kama akilisema yeye, Mkristo, linahesabika. Halafu nikaogopa kwamba hata kuwaza hivyo ni kuingilia dini ya watu. Tulikuwa tumefundishwa kuuliza, "Je, kuna jambo ungependa kumwambia ambalo hujamwambia?" Nililirudia swali lile njia nzima. Kufika nyumbani lilikuwa limeisha maana, kama neno lolote ukilisema mara nyingi.

Nilipomuuliza haboba swali lenyewe, siku iliyofuata, alinitazama kwa huruma.

"Binti, nimeolewa na huyu mtu tangu sijajua kusuka. Nibakishe neno la nini?"

Akavuta ukindu, akaukata kwa meno.

"Ninachotaka si kumwambia. Nataka kumsikia."

Basi akanieleza habari ya dirisha. Mumewe alishona chini yake miaka yote. Adhuhuri alikuwa kwa wateja au sokoni, alfajiri na usiku alikwenda msikitini, lakini alasiri ilimkuta kwenye cherehani kila siku. Yeye haboba huwa jikoni upande wa nyuma, hamwoni, anasikia mguu tu: chaka chaka chaka chaka. Mwadhini akianza, mguu unasimama. Hata kama ni mshono wa bibi harusi, unasimama. Anajibu adhana, neno kwa neno, chinichini. Mwadhini akimaliza, mzee anakohoa mara moja, na hicho kikohozi maana yake ni chai.

"Hajawahi kuniambia leta chai. Ni kukohoa tu. Nilikuwa nikimwambia, wewe mwanamume, mdomo umeuza? Anacheka."

Ukindu ukatulia mikononi mwake.

"Sasa adhana ikilia, nangoja ile cherehani inyamaze. Nangoja. Halafu nakumbuka kwamba imenyamaza tayari. Ndiyo maana nikafunga dirisha. Lakini spika ile, wallahi, hata ukijifunika godoro utaisikia."

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na vitu kadhaa vya kusema, vyote kutoka kwenye mafunzo. Sikuweza kuchagua.

Kisha zikapita siku ambazo nesi hakupata nafasi. Mtoto wa Kawangware alinipigia mimi badala ya mamake. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto, lakini aliongea nami kama mtu anayemwomba karani wa dirishani. "Dadangu, wewe unakaa naye. Hebu mwambie. Wewe umesoma." Nikamwambia nitajaribu. Nilipokata simu nikakumbuka kwamba sikumwambia pole.

Siku ya mwisho nesi alinipigia mchana, nikiwa barazani pale Makina nikimsaidia mjukuu kugawa maharagwe ya kuchemsha kwa majirani waliofungiwa.

"Mrembo, huyu mzee wako hali si nzuri," akasema kwa sauti ya chini. "Sijui kama atafika kesho. Nimebaki na mgonjwa mmoja wa kumgeuza, kisha nitawapigia. Wawe tayari."

Nikatazama saa. Nilikuwa na saa za adhana kichwani kama mtu mwingine alivyo na ratiba ya mpira, na niliona wazi kwamba simu na alasiri vitakutana. Nikawaza nimpigie nesi tena nimwombe acheleweshe, lakini akichelewesha na mzee asingoje? Niwapeleke nyumba nyingine iliyo mbali na spika? Haboba ataweza kutembea? Mtoto wa Kawangware tayari alikuwa hewani, nimemuunganisha, nasikia anavyopumua. Mwishowe niliingia ndani nikasema, kwa sauti niliyodhani ni tulivu, kwamba nesi anapiga sasa hivi, kwamba hali imebadilika, na kwamba kwa sababu ya adhana labda tujaribu kukaa chumba cha nyuma, tuzibe mlango kwa...

"Adhana ya alasiri?" haboba akauliza.

"Ndiyo. Samahani. Itamzidi."

Aliweka tabaga chini. Akasimama kwa kushika ukuta, akaenda hadi kwenye cherehani, akainama juu yake na kusukuma dirisha. Lilikuwa limeshikana kwa vumbi. Akalipiga kwa kiganja. Likafunguka na mwanga ukamwagika juu ya leso.

"Lete simu hapa," akasema.

Simu ikalia. Nesi akasema ameshamwekea. Pumzi ile sasa ilikuwa na nafasi katikati, nafasi ambazo kila mmoja wetu alizisikia. Haboba aliketi kwenye kiti cha mumewe, simu akaishika dirishani, mkono umenyooka.

"Mama," mtoto akaanza kutoka Kawangware, na sauti yake ilikuwa imevunjika kabla hajafika popote. "Mama, nakuomba."

"Ngoja," haboba akamwambia, kwa upole safari hii. "Babako anashona."

Spika ikakwaruza, kama inavyokwaruza siku zote. Mwadhini akaanza.

Sijui nieleze vipi ukubwa wa sauti ile ndani ya chumba kidogo. Kila nilichokuwa nimekizuia siku zote hizo kiliingia dirishani kwa mara moja, na pamoja nacho mabati ya nyuma, na mtoto wa mtu akilia, na redio. Haboba alijibu adhana. Neno kwa neno, chinichini, si kwa sauti ya kilio wala ya kuaga, kwa sauti ya mtu aliyeijibu hivyo kila siku akiwa na mwiko mkononi. Mwadhini akafika kwenye kushuhudia kwamba hapana mungu ila Mwenyezi Mungu. Haboba akashuhudia nyuma yake, mdomo ukiwa umeelekea kwenye simu. Mara ya pili, kutoka Kawangware, mtoto naye akashuhudia. Mjukuu aliyesimama karibu nami alinishika mkono, akasahau kwamba hatushikani.

Ndipo nikaelewa alichokifanya. Mzee alikuwa akiambiwa kalima na watu wake, na hakuna aliyekuwa akimwambia anakufa. Ilikuwa alasiri tu.

Miezi ile mwadhini alikuwa akiongeza maneno mwishoni, ya kuwaambia watu wasali majumbani mwao. Haboba aliyasikiliza mpaka yakaisha.

"Umesikia?" akaiambia simu. "Wanasema watu wakae nyumbani. Na wewe uko huko unafanya nini?"

Pumzi. Nafasi. Pumzi.

Akangoja. Sote tulijua anangoja nini, hata nesi ambaye hakuambiwa hakuongea. Hakuna aliyekohoa.

"Chai iko tayari," haboba akasema, kama vile mzee amekohoa. Akanirudishia simu.

Habari ilikuja kabla ya magharibi. Walimzika siku iliyofuata kwenye makaburi yao hapo hapo Kibera, wabebaji wakiwa wamevaa zile nguo nyeupe za plastiki, ndugu wachache wakiwa wamesimama mbali. Mtoto wa Kawangware hakuwepo. Alinipigia jioni, na safari hii nikaanza na pole.

"Alisikia, sivyo?" akaniuliza.

Nikamwambia nitamuuliza nesi.

Nilimuuliza. Alifikiri kwanza, na nikampenda kwa sababu ya kufikiri kwake. Akasema uso wa mzee ulikuwa umefunikwa na kifaa cha oksijeni, hakuona midomo. Lakini kulikuwa na jambo moja. Tangu asubuhi mguu wa kulia wa mzee ulikuwa ukitikisika chini ya shuka, juu chini, juu chini. Wagonjwa wengine huhangaika hivyo mwishoni, akasema, wengine kwa mikono, wengine kwa miguu. Alikuwa amempa dawa ya kumtuliza. Wakati wa ile simu, mguu ulisimama.

"Ulianza tena?"

"Ulianza tena baadaye kidogo. Dawa zile huja na kwenda. Sitaki kukudanganya, dadangu."

Nilikaa na habari hiyo kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine ambebe. Je, nimwambie haboba? Nikimwambia bila dawa, nimedanganya. Nikimwambia na dawa, nimempa kitu na kumnyang'anya kwa mkono uleule. Na kama ilikuwa dawa kweli? Na kama haikuwa? Nilichelewa kurudi Makina kwa ajili ya maswali hayo. Nilipoenda, haboba alikuwa ndani ya eda, hatoki nje, wanawake wakimtembelea mmoja mmoja na barakoa zao. Tabaga ilikuwa palepale mkekani, haijaongezwa hata mstari mmoja.

Nikamwambia yote, kwa mpangilio ule ule nilioambiwa. Mguu, shuka, dawa, simu, mguu kusimama, mguu kuanza tena, maneno ya nesi kwamba hana hakika. Nililisema lile la kutokuwa na hakika mara mbili.

Hakuniuliza juu ya dawa.

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

"Huo ndio wa kuanzia," akasema. Kisha akaniuliza kama nimewahi kukaa kwenye cherehani. Nikasema hapana. Nikaeleza kwamba naweza kuharibu, kwamba sijui hata uzi unapitia wapi.

"Uzi wa nini? Nani amekwambia ushone? Kaa."

Mjukuu aliondoa leso, akawabeba watoto wa paka waliokuwa wamehamia kwenye droo. Nikaketi. Dirisha lilikuwa wazi. Haboba alisimama, akashika ukuta, akaenda jikoni upande wa nyuma ambako hanioni, nikasikia sufuria ikiwekwa juu ya jiko.

"Kanyaga," akaita.

Mwanzoni mashine ilirudi nyuma, ikakwama. Mjukuu akaninong'oneza nianze na mguu wa kulia. Nikakanyaga. Chaka. Chaka chaka. Ikashika mwendo, bila uzi, bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka juu ya hewa tupu. Niliogopa nakwenda haraka mno, kisha niliogopa nakwenda polepole, kwamba yeye huko nyuma anasikia mguu ambao si wenyewe. Niliendelea kukanyaga. Nje spika ikakwaruza.

Nikasimamisha mguu.

Hakuna sauti iliyotoka jikoni muda wote wa adhana, isipokuwa yake, chinichini, akijibu. Mwadhini akamaliza. Nikabaki nimeketi, mikono juu ya meza ya mtu, nikijua kimebaki kile kikohozi na nikijua si changu kukifanya.

Hakukingoja. Pazia likasogea, akatokea na vikombe juu ya sinia.